Taa Nyekundu, Kelele za Asubuhi na Oili Inayopotea: Soma Dalili Kabla ya Kununua Filta

Injini ya gari dogo la Kijapani ikitunzwa inaweza kupita kilomita 300,000 bila kufunguliwa. Hata hivyo tunaona IST na Probox zikishushwa injini mapema sana, na mara nyingi mwenye gari alikuwa akifanya sevisi. Alimwaga oili, akanunua filta, ila dalili ilisomwa vibaya: taa ya presha ilichukuliwa kuwa taa ya kiwango, kelele ya filta ikaitwa kelele ya cheni, filta ya Nissan ikafungwa kwenye Toyota kwa sababu kwa macho zinafanana.

Nitazipitia dalili kama zinavyofika gereji, na kwa kila moja nitaanza na chanzo ambacho unaweza kukikagua mwenyewe.

Kwanza kabisa, dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Egesha sehemu tambarare, zima injini, subiri kama dakika 10 oili ishuke kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa, futa kwa kitambaa safi, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Kipimo cha mara ya kwanza usikiamini, kwa sababu oili hupanda kandokando ya bomba. Angalia kiwango, kisha nusa, kisha sugua tone kati ya vidole viwili. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. Fanya hivi kila wiki, na dalili nyingi za hapa chini utazikuta mapema kabla hazijakugharimu.

Taa nyekundu ya oili imewaka

Taa hii yenye picha ya kopo linalodondosha tone haipimi oili iliyobaki. Inapima presha. Swichi iliyofungwa kwenye bloku huwasha taa pale presha inaposhuka chini ya kiasi kidogo sana, na wakati huo beringi za krenkishafti tayari zinakosa utando wa oili unaozitenganisha na chuma. Kwa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, ingia pembeni na uzime injini papo hapo. Usisogee hadi kituo cha mafuta "kilicho hapo mbele tu". Umbali huo mfupi unatosha kuua beringi za konrodi. Taa ya njano, ambayo baadhi ya magari inayo, ndiyo huhusu kiwango, na hiyo inakupa nafasi ya kufika dukani.

Ukishazima, pima dipstiki. Ikiwa ni kavu, chanzo umekipata: oili imevuja au imeungua. Ongeza, washa, na taa ikizima ndani ya sekunde chache nenda gereji taratibu kutafuta ilikopotelea. Ikiwa oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, gari livutwe.

Hapo gereji, mzuie fundi asianze na pampu ya oili. Kwanza afungue swichi ya presha na mahali pake afunge geji ya kawaida yenye mshale. Geji ikionyesha presha nzuri, mbovu ni swichi yenyewe, kifaa cha bei ndogo. Swichi hizi pia huvuja oili zikizeeka, ndiyo maana soketi yake ukiikuta imelowa unapata fununu tayari. Presha ikiwa kweli ni ndogo, yanabaki mambo yafuatayo, na ninayapanga kwa jinsi ninavyoona yanastahili kukaguliwa: oili nyepesi kupita kiasi au iliyochanganyika na petroli, filta isiyo sahihi, chujio la wavu ndani ya sampu kuzibwa na tope la oili, na mwisho beringi zilizolika au pampu iliyochoka.

Kuhusu lile chujio la wavu, kuna desturi ya kusafisha injini kwa kumimina dizeli au mafuta ya taa, kuiacha inguruma kidogo, kisha kumwaga. Naipinga kwa nguvu zote. Dizeli haina uwezo wa kubeba mzigo wa beringi, na tope inalolibandua kutoka kwenye kuta linashuka lote kwa mkupuo na kuziba wavu huo. Injini iliyojaa tope husafishwa polepole: oili nzuri, imwagwe mapema, filta mpya kila safari, urudie mara kadhaa. Ikishindikana, sampu ifunguliwe na wavu uoshwe kwa mkono.

Kuna pia taa inayowaka kwenye saileni tu (injini ikinguruma bila kukanyaga), injini ikiwa ya moto, na kuzima ukikanyaga kidogo. Wengi huizoea. Hiyo ni presha iliyo mpakani, na kwa injini iliyotembea sana maana yake huwa ni nafasi zilizoongezeka kwenye beringi. Oili nzito kidogo inaweza kuizimisha taa, lakini beringi hairudi kuwa mpya. Pima kwa geji ujue umesimama wapi.

Inakwaruza au kugonga sekunde chache asubuhi, kisha inatulia

Gari limelala usiku kucha. Unawasha, unasikia mkwaruzo wa vyuma kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Siku nzima gari halina shida. Fundi anasema cheni ya taimingi imelegea, anataja bei ya kifurushi kizima.

Inawezekana ni cheni kweli. Lakini kabla ya hapo, angalia filta. Ndani ya filta ya kopo kuna kipande cha mpira mduara kinachofunika matundu madogo ya pembeni. Kazi yake ni kuruhusu oili iingie na kuizuia isirudi kwenye sampu injini inapozimwa. Pale filta inapokaa ubavu au kichwa chini, mpira huo ndio pekee unaobakisha oili juu. Ukiwa mgumu au haukukaa sawa, oili ya filta inarudi kwenye sampu usiku, na asubuhi pampu inalazimika kuijaza upya kabla oili haijafika kwenye kikaza cheni na gia ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili taimingi ya valvu), ambavyo vyote hutegemea presha ya oili. Kelele unayoisikia ni ya muda huo wa kusubiri.

Kipimo chake ni rahisi. Siku ya kumwaga oili, fungua filta asubuhi kabla gari halijawashwa. Ikitoka ikiwa nzito na imejaa, mpira unafanya kazi. Ikitoka nyepesi na karibu tupu, umempata mhalifu. Funga filta nzuri, ulaze gari, sikiliza kesho yake. Kelele ikibaki vilevile, sasa cheni, kikaza chake na gia ya VVT-i vikaguliwe. Kama mashine ya kusoma makosa inatoa P0011 au P0012, ifunguliwe kwanza valvu inayoongoza oili ya VVT-i na kile kichujio chake kidogo cha wavu, maana tope kidogo tu hukiziba.

Oili nzito isiyofaa huleta kelele hiyohiyo. Kwenye injini kama 1NZ-FE ya IST na Probox, njia za oili za juu ni nyembamba. 20W-50 asubuhi ya Iringa au Limuru inachelewa kufika. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayokwambia jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya mwisho inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100. Kwa injini hizi 5W-30 ni chaguo salama. Kitabu cha gari huwa na jedwali linalooanisha uzito na joto la hewa, lifuate hilo kabla ya ushauri wa muuza oili.

Filta zinatofautianaje, na ya kwako ni ipi

Dukani Kariakoo au Kirinyaga Road utawekewa mezani filta tatu za bei tofauti kwa gari lilelile. Uzito mkononi si kipimo cha kutegemea, na rangi ya kopo haina maana yoyote. Hivi ndivyo vya kutazama.

Uzi wa tundu la katikati ndio wa kwanza, kwa kuwa ukikosea hapo utapoteza injini. Filta za kopo za Toyota nyingi za petroli zina uzi wa robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa inchi, yaani kipenyo cha milimita 19.05. Nissan, Honda, Mazda na Subaru nyingi hutumia uzi wa milimita 20 wenye hatua ya 1.5. Tofauti haifiki milimita moja. Filta ya milimita 20 inaingia kwenye Toyota, inazunguka, hata inaonekana kukaza, ila imeshika kwa ncha za uzi. Presha ya asubuhi ikipanda inaweza kuchomoka na kumwaga oili yote barabarani ndani ya dakika. Kwa hiyo nunua kwa namba, kamwe usinunue kwa kufananisha macho. Kwa 1NZ-FE, namba za Toyota zinazofahamika ni 90915-10003 na 90915-YZZE1. Kwa injini zinazotumia filta ya karatasi isiyo na kopo, kama 2ZR-FE, ni 04152-YZZA6. Kampuni nyingine za filta huwa na orodha inayolinganisha namba zao na hizi. Mwambie muuzaji akuonyeshe.

Kisha chungulia ndani. Kupitia matundu ya pembeni uone mpira, uuguse kwa kijiti butu: uwe laini na urudi mahali pake. Mweusi ni mpira wa kawaida, na ule wa rangi ya chungwa au nyekundu mara nyingi ni silikoni, ambayo huvumilia joto kwa muda mrefu bila kukauka. Kupitia tundu la katikati uone mikunjo ya karatasi: ipangike sawasawa, isilale upande mmoja wala kuacha pengo. Pitisha kidole kwenye uzi. Ukikuta chembe za chuma au rangi iliyobanduka, rudisha filta hiyo, kwa sababu upande huo ndio unaotoa oili safi kwenda kwenye injini na hakuna cha kuzichuja chembe hizo tena.

Kuna sehemu ambayo huwezi kuiona: valvu ya kupitisha oili pembeni. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito sana ya baridi, valvu hufunguka na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Kwenye filta duni chemchemi yake ni legevu, hivyo inakaa wazi muda mwingi na filta inakuwa pambo. Kwa injini nyingine valvu hii ipo kwenye bloku. Hapa ndipo ninaposhauri kulipia filta ya kampuni inayojulikana kutoka duka unaloweza kulirudia, kwa sababu ubora huu haupimiki kwa jicho.

Filta za karatasi tupu, zinazokaa ndani ya kikombe cha plastiki au alumini, zina kasoro zake tofauti. Valvu zipo kwenye kikombe, hivyo karatasi ni nafuu, lakini ringi za mpira zinazokuja nayo lazima zibadilishwe zote, pamoja na ile ndogo ya kidude cha kumwagia. Kwenye baadhi ya magari kuna bomba lenye matundu linaloshikilia karatasi katikati. Nimeona likitupwa pamoja na uchafu, na filta mpya ikajikunja kwa presha. Kikombe kifunguliwe kwa spana yake maalumu, sio kwa bisibisi na nyundo.

Inavuja baada tu ya sevisi

Ikivuja kwa kasi pembeni mwa filta, karibu hakika gasketi ya filta ya zamani ilibaki imenata kwenye bloku, na mpya ikafungwa juu yake. Zima, fungua, toa zote mbili. Kinga yake ni kuitazama filta iliyotoka: kama haina gasketi, ipo kwenye injini.

Ikivuja polepole, labda filta ilifungwa kavu au ilikazwa kwa nguvu mno hadi gasketi ikajikunja. Pakaa oili mpya kwenye gasketi, zungusha kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi.

Tone kwenye nati ya sampu ni washa (pete bapa ya kuziba) iliyochoka au uzi uliolika. Washa mpya kila mara, na nati ianzwe kwa vidole kabla ya spana.

Oili inapungua na chini ni pakavu

Tazama bomba la moshi. Moshi wa bluu unapowasha baada ya gari kukaa ni sili za valvu. Bluu unapokanyaga mlima kwa muda ni ringi za pistoni. Ila injini inaweza kula oili bila moshi unaoonekana, na baadhi zinajulikana kwa tabia hiyo: 1ZZ-FE za mwanzo, zilizopo kwenye Runx, Allex na Premio kadhaa, na 2AZ-FE ya Estima, Alphard na Harrier. Kwenye hizi ringi za oili hunata kwa masizi. Kwa matatizo ya 2AZ-FE, Toyota nchini Marekani ilirefusha dhamana ya baadhi ya magari.

Kabla hujakubali ovaholi, kagua valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye mfumo wa hewa. Inagharimu kidogo sana, na ikikwama inafyonza oili moja kwa moja kwenye mfumo wa hewa. Angalia pia kama plagi moja tu ndiyo yenye oili. Hapo tatizo ni la silinda moja au la gasketi ya kava la tapeti.

Kiwango kinapanda

Hii inatisha kuliko kupungua, maana oili haizaliwi. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli, kuna inayoteremka kwenye sampu: plagi isiyochoma, injekta inayovuja, au, kwa injini za D-4 (petroli huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda) kama 1AZ-FSE ya Noah na Voxy, sili ya pampu ya petroli ya presha kubwa. Usiendelee kuliendesha, kwa kuwa oili iliyozimuliwa na petroli haishiki beringi. Tengeneza chanzo, ndipo umwage oili.

Kwa dizeli zenye chujio la masizi la DPF, kama Mazda CX-5 ya Skyactiv-D, gari huchoma masizi kwa kuingiza dizeli ya ziada, na sehemu ya dizeli hiyo hushuka kwenye oili. Mazda wameweka alama ya X juu ya alama ya kujaa kwenye dipstiki yake. Oili ikiifikia, imwagwe bila kujali kilomita. Safari fupi za mjini zinazokatisha uchomaji ndizo zinazoharakisha. Oili ya gari la namna hii iwe ya daraja la ACEA C, isiyochafua DPF.

Wakati mwingine hakuna kilichoingia, ni fundi aliyejaza kupita kiasi. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na kopo la oili ni la lita 4. Likimiminwa lote, krenkishafti inapiga oili hadi inatoa povu, na povu halipampiki vizuri. Ipunguzwe.

Oili kama maziwa ya chai

Ikiwa rangi hiyo ipo kwenye dipstiki na maji ya rejeta yanapungua, zima: ni gasketi ya silinda hedi, hedi iliyopinda, au kipoza oili kilichotoboka. Ikiwa ipo chini ya kifuniko cha kujazia tu, dipstiki ni safi, na gari linatembea safari fupi za Njombe au Mbeya kwenye baridi, ni unyevu uliokosa joto la kuufukuza. Liendeshe nusu saa barabara kuu na uangalie tena.

Oili nyeusi, na lini imwagwe

Weusi peke yake hausemi kitu. Dizeli hugeuza oili nyeusi siku ya kwanza, na oili nzuri ya petroli huwa nyeusi kwa sababu inabeba uchafu badala ya kuuacha kwenye kuta. Wasiwasi uje oili ikiwa nzito kama lami, ikinuka kuungua, au ikiacha mchanga kati ya vidole. Mchanga huo mara nyingi umepita kwenye chujio la hewa lililochanika au lisiloziba kingo zake, na ukiishi barabara ya vumbi chujio la hewa linastahili kukaguliwa mara nyingi kuliko filta ya oili.

Vitabu vya Toyota vya soko la Japani huweka, kwa petroli isiyo na tabo (turbo), kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake: 7,500 au miezi 6. Zenye tabo ni 5,000 au miezi 6, na kwenye matumizi magumu 2,500 au miezi 3. Vumbi, milima, safari fupi na saileni ndefu vyote vimo kwenye matumizi magumu, kwa hiyo magari yetu mengi yanaishi humo.

Fikiria saa badala ya kilomita. Teksi ya mtandaoni inayotambaa Dar es Salaam au Nairobi kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa itafanya kazi saa 333 ili ifike kilomita 5,000. Gari la safari ya Dodoma linalokwenda wastani wa 70 linafika hapo kwa saa 71 hivi. Kilomita kwenye stika ya sevisi ni zilezile, oili mbili tofauti kabisa. Kwa teksi ya mjini ninashauri kilomita 5,000 ziwe mwisho kwa oili ya sintetiki yenye alama ya ubora ya API SN au SP, na 3,000 hadi 4,000 kwa oili ya madini. Kwa gari binafsi la petroli lisilo na tabo, linalotembea barabara kuu kwa sintetiki, 7,500 zinakubalika. Gari linalokaa tu limwagwe kwa miezi, kwani unyevu na asidi haviangalii kilomita.

Filta je? Desturi ya Japani ya filta moja kwa kila oili mbili ilifaa barabara zao. Kwenye vumbi badilisha kila mara, kwa sababu oili chafu iliyobaki ndani ya filta ya zamani inachanganyika na mpya dakika ileile unapowasha.

Vipande vinavyong'aa

Ukishuku injini, kata filta iliyotoka kwa kikataji chake. Msumeno wa chuma unaacha vumbi lake mwenyewe na kukudanganya. Tandaza karatasi juani, pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma: cheni, kamshafti, ringi, kuta za silinda. Visivyonasa na vyenye weupe ni alumini, ya pistoni au beringi. Vyenye rangi ya shaba vinatoka kwenye tabaka la ndani la beringi, na hapo haifai kungoja kelele. Unga mwembamba wa kijivu kidogo ni wa kawaida kwa injini iliyotembea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, simamisha gari na ufungue sampu, kwa sababu krenkishafti ikiwahi kukaguliwa kabla haijachubuka, beringi mpya pekee zinaweza kutosha.